Naomba ushauri: rangi inakauka kabla ya kutua kwenye bodi

Habari za jioni wakuu. Niko Nkuhungu, Dodoma. Naunga modeli ya plastiki ya gari la Volkswagen Beetle, kipimo 1:16 (ndogo mara 16 kuliko gari lenyewe), urefu wake sentimita 25 hivi. Injini ya nyuma, viti na usukani vimekaa vizuri mno, nimevihangaikia miezi minne. Nimekwama kwenye rangi ya bodi.

Natumia kopo la kupuliza. Kwa ukavu na upepo wa huku, rangi inakauka hewani, ikifika kwenye plastiki inakuwa chengachenga. Ukipitisha kidole unasikia kama unagusa mchanga. Nimepiga msasa namba 1000 kwa maji, nikarudia kupuliza alfajiri kabla upepo haujaamka, sakafu nimeimwagia maji kutuliza vumbi. Paa limetoka safi kabisa, nimefurahi sana. Milango bado. Thina ya gereji (dawa ya kuyeyushia rangi) niliijaribu kwenye kipande cha akiba, plastiki ikalainika na kupata nyufa, nikaiacha.

Naomba kujua: nikipuliza milango nisogeze kopo karibu hadi umbali gani bila rangi kuchuruzika? Na wanaotumia kompresa ndogo, mnachanganya thina gani isiyokula plastiki?

Natanguliza shukrani.