AM4, AM5 au LGA1700: ipi itaniachia nafasi ya kuongeza baadaye?

MpigaPicha_Kisauni
Assalam alaykum. Nahariri video za arusi na kompyuta yangu imechoka. Kasha, skrini na SSD ninavyo. Nina 70,000 za prosesa, bodi mama na ramu, na sitaki baada ya miaka 3 nianze tena moja.

Fundi_Likoni
Waalaykum salaam, kaka. Anza na soketi, yaani tundu la bodi mama linaloshika prosesa: LGA1700 ni ya Intel, AM4 na AM5 ni za AMD. LGA1700 ilitoka 2021, ikapokea prosesa za kizazi cha 12, 13 na 14, basi; 2024 Intel wakahamia LGA1851. AM5 ilikuja 2022, imeshabeba prosesa za Ryzen 7000 na 9000, na AMD wameahidi kuiendeleza hadi 2027 na zaidi. Chukua Ryzen 5 7600 na vijiti 2 vya ramu vya GB 16. Usinunue 4 vidogo, DDR5, ramu ya AM5, hushuka kasi nafasi zote zikijaa.

Bi_Majengo
AM4 msiizike. Nilianza na Ryzen 5 3600 mwaka 2019, bodi ya B450. Mwaka jana nilisasisha BIOS (programu ya bodi inayowasha kompyuta), nikachomeka 5900X ya mtumba yenye kori 12. Ramu ileile, bodi ileile! Video niliyokuwa nikiiacha usiku kucha sasa inatoka kabla sijaepua wali. Gharama ya ziada ilikuwa feni tu, ile ndogo ya 3600 haikuimudu.

Fundi_Likoni
Kweli dada, lakini wewe uliipanda mapema. Anayeingia AM4 leo anapanda matatu inayokaribia stendi. Na DDR4, ramu ya AM4, hatahama nayo: pengo la kijiti limekaa kwengine, kwenye AM5 haliingii.

Baharia_Nyali
Kwa video, Quick Sync ya Intel, sehemu ya prosesa inayoharakisha video, ni nzuri sana, hilo tukubali. Lakini kaka, pawasaplai yako, kile kisanduku cha umeme, ikoje? Mimi nilinunua mashine ya ofisi iliyotumika. Nilipotaka kuongeza kadi ya grafiki nikakuta plagi ya pawasaplai si ile ya kawaida ya pini 24, na bodi ina umbo lake pekee. Nilizunguka Moi Avenue yote, hakuna kilichoingia.

MpigaPicha_Kisauni
Ni wati 400, ya tangu 2015. Nimeifungua sasa hivi, skrubu zina kutu na feni inakwaruza.

Fundi_Likoni
Hiyo itoe. Upepo wa chumvi umeshaila, na stima ikirudi kwa kishindo itaondoka na bodi mpya. Tafuta ya wati 650 yenye alama ya 80 Plus, ya kutopoteza umeme mwingi.

MpigaPicha_Kisauni
Shukran jamani. AM5 basi, pamoja na pawasaplai. Kadi ya grafiki itasubiri arusi za baada ya Idi.