Daftari letu limewekwa chini ya mguu wa meza!!!

Wadau, mikono bado inatetemeka. Simtaji mtu. Yule wa fulana yenye nembo mgongoni, anayetuletea suluhisho jipya kila mwezi kwa gari jeupe, mnamjua. Leo amefika kwenye kikundi chetu cha mboga hapa Nyalenda, Kisumu. Meza ikawa inayumba. Akaangaza kushoto, akaangaza kulia, akaona daftari letu. AKALIKUNJA MARA MBILI, AKALISUKUMA CHINI YA MGUU WA MEZA. Ati kompyuta yake isicheze.

Daftari! Lina nani ameagiza mafungu mangapi, nani ana deni la dek (mgagani) tangu Krismasi, kunde za nani zimeliwa na mbuzi wa nani. Miaka minne. Mume wangu mwenyewe haligusi kabla hajanawa.

Na mambo yetu yanaenda. Alhamisi kabla ya magharibi unatuma meseji: "osuga 3, apoth 2", yaani mafungu matatu ya managu na mawili ya mrenda. Herufi 160 zinatosha na za kusalimia watoto zinabaki. Usiku hesabu inafika kwa wakulima Kajulu, alfajiri wanachuma kilichoagizwa tu. Wasiosoma wana vizibo vya soda, kila rangi na mboga yake. Pesa ni M-Pesa, inayoingia hata kwa kabambe, ile simu ya vitufe. Mboga zinangoja kwenye kibanda cha makaa: kuta mbili za waya, makaa katikati, unayamwagia maji, upepo ukipita ndani kunapoa. Stima sifuri. (Msimu wa mvua hakipoi vizuri, hilo nakubali.)

Yeye ana programu yenye karoti inayozunguka. Nani Nyalenda ameagiza karoti inayozunguka? Akasema kila mtu apakue. Mama mmoja akamuuliza, "Nipakue nini, mwanangu, na sufuria sijaiona?"

Kisha stima ikapotea. Mtandao nao ukaaga. Karoti ikasimama kichwa chini. Wateja mlangoni, tunatafuta maagizo, daftari liko wapi? CHINI YA MGUU! Nikalivuta, meza ikainama, na anayepigiwa kelele ni nani? MIMI!

Jakano78: Pole dada. Lakini meza ilitulia? Kama ilitulia, daftari ndilo teknolojia pekee iliyofanya kazi siku hiyo.

KijanaWaKondele: Miaka minne daftari moja, hakuna nakala? Siku likinyeshewa mtakula vizibo?

Mwenye uzi: Nakala IPO, kwa mweka hazina. Nani amekuuliza nakala? Nazungumzia MGUU WA MEZA.

KijanaWaKondele: Omera, huyu ameumwa na mguu wa meza kuliko mwenye meza.

FundiAhero: Nyinyi mmeachiwa daftari. Sisi tuliachiwa pampu ya sola. Kidude kimoja kimeungua, kipuri tumezunguka Kisumu yote hatukioni. Sasa paneli inachaji simu za vijana na kwenye tangi kuku wanataga. Ile pampu ya kukanyaga kwa miguu, fundi baiskeli anaibadilishia ngozi na unamwagilia siku hiyo hiyo.

ViaziMolo: Mnalilia vidude na madaftari. Huku kanuni za 2019 zinasema gunia la viazi lisizidi kilo 50, dalali anafika na gunia limevaa kilemba, viazi vimerundikwa juu ya mdomo! Tumenunua mzani wa kuning'iniza, hauli stima wala intaneti. Akiuona anakumbuka ana msiba.

Jakano78: Hicho kilemba kinaweza kuolewa kabisa.

ViaziMolo: Cheka tu. Chipsi unazokula hapo ni jasho langu.

MinDunga: Tuache viazi kidogo. Hiyo osuga ya Kajulu fungu ni pesa ngapi? Niliyonunua soko la Kibuye ni chungu kama dawa ya malaria.

Jakano78: Ni chungu kwa sababu hujaitia maziwa ikalala.

MluhyaMtulivu: Maziwa kwa mboga? Sisi ni mrenda na munyu, tunalala salama.

Jakano78: Mrenda haumezwi, unajimeza wenyewe.

Mwenye uzi: Jamani. Mguu wa meza.

MinDunga: Dada, pigilia kijiti hapo chini, itatulia. Jakano, hayo maziwa ni mabichi au ya mgando?