CNC ya zamani: nibadili mota zote au kompyuta tu?

Mkatagia wa Mafinga

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Nina karakana ndogo hapa Mafinga. Nachonga vipuri vya viwanda vya mbao: puli, shafti, sproketi, na gia za zile dingdong zinazopasua magogo ya Sao Hill. Nimenunua mashine ya miling ya CNC (inayoongozwa na kompyuta), ya Uingereza, ya miaka ya 1980, kwa mzee aliyekuwa anafunga karakana yake Iringa mjini. Chuma chake kizito, kimetulia, na njia za meza bado zina alama za kukwangua kwa mkono tangu kiwandani. Ila kompyuta imekufa. Ukiwasha, skrini inatoa mstari mmoja wa kijani katikati, basi. Mota zote tatu ni za DC, zile za kaboni, na kila mhimili una kioo chake cha kupimia meza iko wapi.

Kuna aliyenishauri ning'oe umeme wote, niagize servo mpya za AC (mota zinazojisahihisha mahali) na kontrola ya China. Mwingine ananiambia LinuxCNC, ile programu ya kuendesha CNC, na kompyuta ya kawaida. Kwangu hili si jambo la kujaribu jaribu: kipuri kikisubiriwa kutoka Dar, kiwanda kinasimama na vibarua wanakosa posho. Nianzie wapi?

Fundi wa Iyunga

Marahaba, na hongera. Usinunue mota hata moja kabla hujapima skruu za gololi, zile zinazosogeza meza.

Zima umeme. Funga geji ya saa kwenye spindo, iguse kipande kilichobanwa mezani. Zungusha skruu ya X kwa mkono mpaka sindano isogee, kisha rudisha taratibu, uone inazunguka kiasi gani kabla meza haijafuata. Pima katikati na pembeni pia, maana skruu hulika pale kazi inapofanyika kila siku. Mwanya wa 0.02 au 0.03 mm, mshukuru Mungu. Ukiona 0.2, hela ya mota ipeleke kwenye nati ya skruu na beringi, kwa sababu servo mpya haiondoi mwanya. Tena kwa mashine ya vioo ni mbaya zaidi: kioo kinasema meza haijasogea, mota inakazana, meza inapitiliza, mota inarudi nyuma. Inatetemeka hapo hapo kama mtu mwenye malaria. Dawa yake ni kufunga enkoda (kihesabu mizunguko) nyuma ya mota, hiyo ndiyo iishike mota, kioo kibaki kusahihisha tu.

Mota za DC usizidharau. Toa kaboni, mulika komuteta (ile shaba inayoguswa na kaboni) kwa tochi. Ikiwa ya kahawia na laini, nzuri hiyo. Ikiwa nyeusi yenye mifereji, ipeleke ikakerezwe. Puliza vumbi la kaboni, chomoa nyaya kwenye draivu (kisanduku kinacholisha mota umeme), kisha upime na mega ya volti 500, kuona kama umeme unavuja kwenye bodi ya mota. Chini ya megaohm 1, usiiwashe. Mota zikiwa nzima na draivu zake zinaitika kwa volti 10 chanya na hasi, kadi ya Mesa 7i97, inayounganisha kompyuta na draivu, pamoja na LinuxCNC zinaziendesha vizuri. Hapo umebadili ubongo tu. Draivu zikiwa zimekufa, ndipo uende kwenye servo za AC na kadi ya 7i76E.

Angalia pia nembo ya vioo. Vya Heidenhain vya zamani vingi hutoa mkondo mdogo mno, maikroampea 11, wakati kadi hizi zinataka mapigo ya volti 5. Kama kuna kisanduku cha kubadilisha kati ya kioo na kompyuta, kitunze.

Dada wa Fezi Tatu, Mbeya

Kaka, fundi kamaliza upande wa chuma. Mimi naongeza mawili ya umeme. Mota na draivu nyingi hupimwa uwezo wake hadi mita 1,000 juu ya bahari. Mafinga iko juu ya mita 1,800, hewa nyepesi haipoozi vizuri, kwa hiyo toa kama asilimia 1 kwa kila mita 100 inayozidi. Ukiagiza AC usichukue ya kutosha tu, chukua yenye akiba.

Pili, Z, mhimili wa kupanda na kushuka, lazima iwe na breki inayojifunga yenyewe umeme ukikatika, la sivyo kichwa kitashukia kazi siku ya radi. Na swichi ya dharura ikate umeme wa draivu moja kwa moja, isiiombe ruhusa kompyuta.

Mkatagia wa Mafinga

Asanteni sana. Nimepima X jioni hii: pembeni 0.04, katikati 0.11. Kaboni fupi, komuteta ya kahawia. Nikaze nati?

Fundi wa Iyunga

Usikaze. Ukiikaza ikae sawa katikati, itabana pembeni na kuumiza gololi. Ile 0.04 anza kuitafuta kwenye beringi za mwisho: bandika gololi moja kwa grisi kwenye tundu la ncha ya skruu, geji iguse gololi, kisha uvute meza huku na huku. Sindano ikicheza, beringi hizo zibadilishwe.

Kinachobaki, LinuxCNC inaweza kukifidia, na kwa sproketi za viwanda vya mbao kinavumilika. Ila usikate kwa upande ambao kisu kinavuta meza, maana fidia haizuii meza kurukia ndani ya mwanya. Skruu mpya ya X utaagiza mashine ikishaanza kuingiza hela. Kabla ya kuandika mipangilio, pima hatua ya hiyo uliyonayo, yaani meza inasogea kiasi gani kwa mzunguko mmoja. Mashine ya Uingereza ya wakati ule inaweza kuwa ya inchi, 5.08 mm kwa mzunguko. Ukiandika 5, mota ikifuata enkoda yake, kila mm 100 itapitiliza kwa 1.6, na mnyororo hautakaa kwenye hiyo sproketi.