Mrejesho: kompresa ya lita 100, na waya ulionitoa jasho

Habari zenu wakubwa. Ni mimi wa Arua niliyeuliza hapa ninunue kompresa (mashine ya kubana upepo) ya tangi la lita 24 au 100, kwa kujaza matairi ya boda na kupiga rangi mageti hapa nyumbani. Nilichukua ya lita 100, inayozungushwa kwa mkanda, mota ya hp 2 (nguvu za farasi 2).

Siku ya kwanza ilinguruma tu, haizunguki, kisha inakata. Nikajua nimeuziwa kimeo! Kumbe ni waya wangu wa kuongezea, mwembamba, mita 30. Umeme ulikuwa unafika umechoka, na mota hii inavuta sana inapoanza. Nikaisogeza mashine karibu na soketi, nikarefusha mpira wa upepo badala ya waya. Ikawaka palepale.

Aliyenijibu kwamba bunduki ya rangi inakula upepo kuliko tairi alisema kweli. Boda kumi haziisumbui, ila geti moja tu mota haipumziki.

Maji yanayojikusanya ndani ya tangi nayamwaga kila jioni. Rangi ilikuwa inatoka na vitone vya maji mpaka nikafunga chujio la kuyanasa.

Wazo la kuiendesha kwa sola nimeachana nalo: inverta yangu (kifaa cha kugeuza umeme wa sola uwe kama wa soketi) ni ya wati 1000, mota peke yake karibu 1500.