Kiraka cha draiva ya USB: kukataa pakiti au kubana idadi?

Kirumba_Mwaloni: Wakuu, habari za jioni. Kuna kiraka (marekebisho ya msimbo) natakiwa kukipitisha kesho: draiva ya Linux ya kipima kina kwenye boti za hapa Mwanza. Kifaa kinataja idadi ya vipimo, draiva inazunguka kwa idadi hiyo bila kuikagua, inasoma hadi nje ya bafa (eneo la kumbukumbu linalohifadhi pakiti). Tukatae pakiti yote idadi ikizidi, au tuibane iishie kwenye uwezo wa bafa?

SatoMkavu: Mkuu, ya muhimu hujaweka. Bafa baiti ngapi? Ripoti ya KASAN, kile kikaguzi cha makosa ya kumbukumbu cha kerneli, iko wapi?

Kirumba_Mwaloni: Baiti 100 za kmalloc, ile ya kuomba kumbukumbu ndani ya kerneli. Kichwa cha pakiti, chenye idadi, 4, kila kipimo 8. Ripoti hakuna, bodi inafanya kazi vizuri tu.

DadaKerneli: Inafanya kazi kwa sababu ukiomba 100, kmalloc kwa kawaida inakupa kipande cha 128. Vipimo 12 ndiyo mwisho wako halali. Cha 13 hadi 15 vinasomwa kwenye baiti za ziada, kimya kimya. Cha 16 ndicho kinachogusa kipande cha jirani. KASAN ingepiga kelele tangu cha 13. Mimi nakataa pakiti, narudisha -EPROTO (kosa la itifaki). Kichwa kikidanganya idadi, vilivyobaki utaviaminije?

Sangara_Mkubwa: Hapana, bana. Nahodha anayepita kwenye miamba ya Saanane usiku anahitaji kina, hata vipimo vichache.

DadaKerneli: Hapo ndipo penye hatari, kaka. Pakiti ikifika na baiti 20 huku idadi ikisema 12, bafa haijavukwa, ila vipimo 10 ni mabaki ya pakiti iliyopita. Nahodha ataona kina cha nyuma akidhani ni cha sasa. Linganisha idadi na actual_length (baiti zilizofika kweli), si ukubwa wa bafa.

FundiNyegezi: Na angalia mpangilio. Kuna kiraka kiliandika hivi (h ni kichwa, n ni idadi ya vipimo): `actual_length - sizeof(*h) < n * 8`. Kinapendeza kwa macho, lakini hesabu hiyo haina hasi: ikija pakiti ya baiti 2, 2 kutoa 4 inageuka namba kubwa mno, ukaguzi unapita na usomaji unaendelea kama kawaida. Wakaongeza ukaguzi wa pili, wakauweka chini ya mstari unaosoma n, kwa hiyo kichwa chenyewe kikawa kinasomwa kabla ya kujulikana kama kimefika. Kwanza `actual_length < 4`, toka. Kisha soma n. Kisha `n > (actual_length - 4) / 8`, toka.

Kirumba_Mwaloni: Asanteni. Bodi ina RAM ya MB 512, KASAN itaingia?

SatoMkavu: Kivuli chake, yaani kumbukumbu yake ya kufuatilia, kinakula moja ya nane, MB 64, na kerneli yenyewe inanenepa. Itaingia, itakuwa nzito.

Sangara_Mkubwa: Weka KFENCE, kikaguzi chepesi zaidi, ipo tangu kerneli 5.12, wala hutahisi uzito.

DadaKerneli: KFENCE inachukua sampuli tu. Bafa hii inaombwa mara moja kifaa kinapochomekwa. Isipoangukia humo, hutaona kitu.

Sangara_Mkubwa: Basi achomoe na kuchomeka mara nyingi.