Wanaume hawaombi wiki fupi ya kazi, tatizo ni fomu?

Afisa Utumishi (Dar)
Wakuu, habari za kazi. Ofisi yenye mkataba wa saa 40 kwa wiki inaruhusu yeyote kuzibana ndani ya siku 4. Wanawake wanajaza fomu. Wanaume wanaaga "naenda kwa mteja" kumbe wanawahi mtoto shule, wasije wakaambiwa wamelishwa limbwata. Turekebishe wapi?

Msoma Mikataba
Anza na fomu, mkuu. Kama ina sehemu ya "sababu ya ombi", ndipo mwanaume anapokwama. Nani ataandika "kulea mtoto" kwenye karatasi inayopita kwa bosi anayependekeza vyeo? Ifuteni. Ulizeni siku zipi, saa ngapi hadi saa ngapi, na nani atashika simu za wateja siku hayupo. Basi.

Halafu wasimamizi waelezwe wazi: kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakataza ubaguzi kwa sababu ya majukumu ya familia, na hakikusema majukumu hayo ni ya mama. Kumjibu mtu "kwani mkeo yuko wapi?" ni kuiingiza ofisi matatani.

Zamu na Mishahara
Hesabu nazo ziwe sawa. Kifungu cha 21 cha sheria hiyohiyo kinaruhusu hadi saa 12 kwa siku bila ovataimu, mapumziko ya chakula yakiwemo, ila makubaliano yawe ya maandishi. Mkikubaliana kwa mdomo, kila saa inayozidi 9 ni ovataimu, mara moja na nusu.

Saa 40 zinaingia vizuri: 10 za kazi na 1 ya chakula, saa 1 asubuhi hadi saa 12 jioni. Mkataba wa saa 45 kwa wiki hauingii siku 4: ni 11 na robo kwa siku, ukiongeza chakula ni 12 na robo, mmeshavuka. Hapo fanyeni siku 4 za saa 10, Ijumaa saa 2 hadi saa 7 mchana.

Afisa Utumishi (Dar)
Na hao wa "kwa mteja"?

Msoma Mikataba
Msiwawinde, wapeni ratiba. Akipata ajali njiani, daftari linasema yuko kwa mteja na mteja hajamwona. Fidia itaanzia wapi? Meneja mwanaume awe wa kwanza, ratiba yake ibandikwe ubaoni. Na mtoto akizaliwa, baba akumbushwe siku hiyohiyo: zile siku 3 za likizo ya uzazi ya baba yenye malipo lazima zichukuliwe ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.