Vali ya kukojolea kwenye suti kavu: ya kawaida au ya kusawazisha presha?

KinaKirefu
Wakuu, habari zenu. Nataka kuagiza vali ya kukojolea ya suti kavu yangu (suti ya kuzamia isiyoingiza maji; vali inatoa mkojo nje ukiwa bado majini) na nimekwama kati ya aina mbili. Kuna ile ya kawaida: unazungusha kifuniko kufungua, unakojoa, unafunga. Halafu kuna za kusawazisha presha, kama Trigon ya Si Tech au ile ya Halcyon, ambazo wanaozitumia wanasema huhitaji kushika chochote ukiwa chini. Ipi inafaa? Na tundu nitoboe mwenyewe au nimwachie fundi? Oda inaondoka wiki hii, naombeni msaada.

FundiGundi
Mkuu, hujasema suti ni ya nini. Trilaminati (kitambaa chembamba cha tabaka tatu) au neoprini (mpira mnene wenye vipovu ndani)? Trilaminati unakata tundu safi, unapaka gundi, unakaza nati, basi. Neoprini inabonyea. Leo umekaza vizuri, baada ya muda imenywea na nati inalegea, kwa hiyo lazima utangulize kiraka kigumu. Pia unakaa chini muda gani? Anayezamia nusu saa na anayezamia saa tatu hawana shida moja.

Mama_Mapezi
Wala hajasema ni mwanamume au mwanamke. Nyuzi za namna hii huanza kana kwamba wanawake hatuzamii maji baridi. Sisi tunatumia kifaa kingine ndani, She-P, kikombe laini kinachobandikwa mwilini kwa gundi ya kitabibu, halafu mrija unaungwa kwenye vali ileile ya pajani. Mimi siwezi kukivaa na vali isiyosawazisha. Kikivutwa na presha wakati wa kushuka, kinaumiza na gundi inaachia.

KinaKirefu
Mwanamume. Suti ni trilaminati, zipu ya mbele inayokatiza kifuani. Nazamia kama saa mbili, sehemu kubwa nikisubiri kwenye vituo vya kupunguza presha (kusimama njiani wakati wa kupanda ili gesi itoke mwilini). Chupa za pembeni za gesi nazining'iniza kushoto.

Nahodha_Kimya
Chukua ya kawaida. Vipande vichache, vya kuharibika vichache. Vali ya kusawazisha ina njia ya kuingiza hewa ya suti kwenye mrija, na njia hiyo inalindwa na kipande kidogo cha mpira. Siku mpira huo ukishika ukoko wa mkojo, hautafunga, na mkojo utapita hapohapo kuingia kwenye suti. Ya kawaida haina mlango huo. Kojoa kidogo ukiwa bado juu ili mrija ujae maji badala ya hewa, kisha shuka. Maji hayabanwi na presha.

Mshipi_wa_Risasi
Nahodha, ushauri wako unafaa kwa mtu ambaye ana mkojo tayari akiwa juu. Asiyekuwa nao je? Hewa iliyonaswa ndani ya katheta (kimpira kama kondomu kinachovaliwa na kuungwa kwenye mrija), ukifika mita 10 tu, inabaki nusu ya ujazo wake. Huku nje ya katheta hewa ya suti inaongezwa kadiri unavyoshuka. Sasa hiyo katheta inashikilia wapi? Inajikunja na kunyonya ngozi. Ni mahali ambapo hakuna mtu anataka alama ya damu. Na ya kawaida ukisahau kuifungua kabla ya kukojoa, mkojo hauna pa kwenda, katheta inapasuka au inang'oka. Ukiwa na baridi, umechoka, una kompyuta ya kutazama na mwenzio wa kufuatilia, kusahau ni jambo la kutarajiwa. Vali ya kusawazisha, bila ubishi.

PapaMaji
Ndugu zangu, mnabishania aina ya vali wakati kinachoharibu kazi ni mahali inapofungwa. Ngoja niwaeleze.

Suti yangu niliipeleka karakana moja, jina siweki hapa. Waliitandaza mezani, wakapima katikati ya paja, wakatoboa. Mimi sikuwepo. Nilipokuja kuivaa juu ya nguo nene za ndani, kitambaa kilipanda na vali ikakaa karibu kabisa na kinena. Mrija wa ndani ukawa hauna nafasi, ukajikunja kila nilipopiga mapezi. Tukashuka vizuri. Tulipofika kituo cha mita 6, ambacho ndicho cha muda mrefu kuliko vyote, nikakojoa. Mkojo ukafika kwenye ule mkunjo ukarudi nyuma, katheta ikaachia yote kwa mara moja. Nguo za ndani zikalowa kuanzia kiunoni hadi gotini. Mwanzoni unahisi joto, na hapo ndipo mtu anadanganyika. Nguo iliyolowa haizuii baridi tena, na huwezi kupanda kwa sababu muda wa kituo haujaisha. Mikono ilianza kutetemeka hata kitufe cha kutoa hewa nikawa sikihisi vizuri. Mwenzangu aliona, akanishika mkanda wa bega, akanisaidia kukaa kwenye kina hadi tulipomaliza. Namshukuru hadi leo.

Baadaye fundi mwingine aliifungua ile vali akakuta kitambaa hakikusuguliwa wala kusafishwa kabla ya gundi. Gundi ilikuwa inabanduka kwa kucha. Suti ilikuwa inavuja na mimi nilikuwa nadhani ni jasho.

FundiGundi
Pole sana, PapaMaji. Hiyo ndiyo sababu sitoboi suti ya mtu asiyekuwepo. KinaKirefu, vaa kila kitu: nguo za ndani, suti, mkanda wa kinena, hata mifuko ikiwa imejaa. Simama, kaa, chuchumaa, inua goti. Tafuta sehemu ya mbele ya paja, nje kidogo, ambayo mkono unafika bila kujinyoosha, mbali na mshono, mbali na mfuko. Kwa kuwa chupa ziko kushoto, weka kulia. Weka alama hapo ukiwa umevaa. Ingiza ubao ndani ya mguu kabla ya kukata ili usitoboe upande wa pili. Tumia kitobozi cha mviringo chenye kipenyo cha shina la vali, mkasi unaacha kona na kona huchanika. Sugua taratibu, futa kwa spiriti, paka gundi ya poliurethani, kaza kwa mkono na robo tu ya nguvu zako. Iache siku nzima au zaidi. Halafu ziba shingo na mikono, jaza hewa, pitisha maji ya sabuni. Povu litakuonyesha.

Nguo za ndani nazo zinataka tundu lenye ukingo ulioshonwa, na mrija uwe na ulegevu.

Zubeda_Mapovu
Samahani kwa kuingilia, mbona hakuna anayetaja nepi za watu wazima? Hakuna kutoboa, hakuna gundi.

Mshipi_wa_Risasi
Kwa saa moja zinafaa. Kwa saa mbili, na presha ya suti inakuminya, zinatoa zilichobeba.

Mama_Mapezi
Nilizitumia muda mrefu na zilinisaidia, tuziheshimu. Shida ni wale wanaoamua kutokunywa maji kabisa asubuhi ili wasihitaji chochote. Ukiingia majini, presha inasukuma damu kutoka miguuni kwenda kifuani, moyo unatanuka, mwili unadhani una maji mengi kupita kiasi na figo zinaanza kuyatoa. Baridi inaongeza. Kwa hiyo utakojoa hata kama hukunywa, na utatoka ukiwa umepungukiwa maji mwilini wakati damu yako bado ina gesi ya kutoa.

Nahodha_Kimya
Mimi nakunywa kikombe kimoja na sijawahi kupata tatizo.

Mama_Mapezi
Kaka, kutopata tatizo bado hakujakuwa kinga. Kunywa maji.

Tabibu_wa_Pwani
Kabla uzi haujahamia kwenye maji ya kunywa: usafi. Mwaka 2009 Richard Harris, daktari ambaye pia ni mzamiaji wa mapangoni, aliandika kuhusu wazamiaji waliopata maambukizi ya njia ya mkojo na majeraha ya presha kutokana na vali hizi. Mrija unabaki na unyevu, bakteria wanakaa humo, na safari inayofuata presha inaweza kuwarudisha juu. Kila ukitoka majini pitisha maji safi na sabuni kwa bomba la sindano, kisha dawa ya kuua viini isiyokula mpira, kisha uanike mrija ukiwa wazi pande zote mbili. Ukiona homa au mkojo unachoma, nenda hospitali na uwaambie unatumia vali. Daktari asiyezamia hawezi kukisia.

KinaKirefu
Asanteni sana wote. Paja la kulia nimekubali, na FundiGundi nitakuandikia faraghani. Kwenye vali naegemea ya kusawazisha, ila hoja ya Nahodha kuhusu ule mpira mdogo inanisumbua. Je, unaweza kubadilisha mpira huo peke yake au lazima ununue vali nzima? Na katheta: mlichagua vipi kipimo? Za silikoni au lateksi?

PapaMaji
Silikoni. Kipimo usijipendelee, tumia karatasi ya vipimo ya mtengenezaji, na nyoa kwanza.

Nahodha_Kimya
Lateksi inashika vizuri zaidi.

Tabibu_wa_Pwani
Na ina watu inaowadhuru kwa mzio. Nahodha, hapa hatutaelewana.

Mshipi_wa_Risasi
Kuhusu ule mpira, inategemea modeli. Kuna zinazofunguka kwa mkono na kuna zilizozibwa moja kwa moja. Uliza kabla ya kulipa. Kuna mwenye picha ya Trigon ikiwa imefunguliwa?